Waliokuja Kumuona Dufie

Jambo hili sikuhadithiwa na mtu. Lilitokea kwenye ua ninaoufagia kila asubuhi, nje kidogo ya Kumasi, na aliyepatwa nalo ni mtoto wa dada yangu. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako. Kwa hiyo nikisema mwanangu, msinisahihishe.

Lilianza Jumapili moja, siku njema, isiyo na wingu. Dufie alikuwa anatimiza miaka kumi na minne. Siku nyingine dada yangu Afrakoma hupika wali wa maharage na kuuza pale njiapanda, akiufunga kwenye majani mapana na kuutilia sosi nyeusi ya pilipili. Siku hiyo hakuuza. Alipikia nyumba nzima, na nyumba yetu ni ile ya vyumba vingi vilivyozunguka ua mmoja, kila chumba na mpangaji wake, kila mpangaji na sahani yake mkononi.

"Mama, wali umeutia chumvi kweli?" Dufie aliuliza, mdomo umejaa.

"Wewe kula. Ukifika umri wangu utajua chumvi inakaa wapi."

Baba yake yuko Takoradi na familia nyingine. Alipiga simu, akaimba nusu ya wimbo, mtandao ukakatika. Dufie alicheka tu. Alikuwa mtoto wa kucheka. Kicheko chake kilikuwa kinatangulia kuingia ndani kabla yake.

Opare, mpangaji wa chumba cha pembeni, ndiye aliyemtengenezea bango la kusambaza kwenye simu. Opare ni fundi wa mabango na video. Anatengeneza ya harusi, ya ubatizo, ya mahafali, na zaidi ya yote ya misiba, maana kwetu mtu hazikwi mpaka uso wake uwe umebandikwa kwenye kuta za mji. Alimketisha Dufie kwenye kiti kikubwa cha kuegemea, gauni jeupe la lesi, mikono juu ya magoti, macho yakiitazama kamera.

"Opare, mbona umemkalisha kama malkia mama?" nilimtania.

"Ndiyo pozi ninayoijua, dada Pokuaa. Na wateja wangu wengi hawana tabia ya kulalamika."

Tulicheka mpaka Afrakoma akampiga kofi la mgongo. Juu ya picha Opare aliandika jina kamili la mtoto. Chini akaweka tarehe aliyozaliwa, shule anayosoma, kanisa letu, jina la mama yake, na mwisho nyumba yetu na njia ya kuifikia, ili marafiki waje kula keki. Ndivyo mabango yetu yalivyo, ya furaha na ya kilio, yote umbo moja. Tumeyazoea. Hakuna anayeyatazama mara mbili.

Afrakoma akalipeleka bango kwenye stetasi yake, kwenye kundi la kanisa, kwenye kundi la wazazi, na kwenye ukurasa wake wa Facebook, ambao aliuacha wazi kwa kila mpita njia ili wateja wa wali wamwone. Watu wakasambaza. Jua lilipoanza kulala, watu tusiowajua walikuwa wanamtakia mwanetu heri, na dada alikuwa ananisomea majina yao kwa fahari, mmoja mmoja. Kulikuwa na mmoja ambaye hakuandika heri. Aliuliza tu, "Huyu ndiye yeye?"

Afrakoma akamjibu, "Ndiye mwenyewe, mpendwa."

*

Wiki iliyofuata Dufie alianza kubakiza chakula. Mimi niko chuo cha ualimu, narudi nyumbani jioni, na jioni moja nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha chumba chao, simu imelala kifudifudi pajani.

"Una nini?"

"Sina kitu, mama mdogo."

Simu ikatetemeka. Akashtuka kama mtu aliyeguswa na kaa la moto. Nikadhani ni mambo ya wavulana.

Aliyetufumbua macho ni mteja wa wali. Ni mama mmoja wa makamo, hununua kila siku, hubishania nyama kila siku. Siku ile hakubishana. Aliushika mkono wa Afrakoma, akaubana.

"Pole sana, ndugu yangu. Na bado umekuja kuuza? Una moyo wewe."

"Pole ya nini tena?"

Yule mama akatoa simu.

Kiti kilikuwa kilekile. Lesi ileile. Mikono juu ya magoti. Ila pembezoni pote palikuwa pekundu na peusi, na pale palipokuwa na maneno ya heri paliandikwa SIMANZI KUU. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa mahali pake. Kando yake kulikuwa na kistari, na tarehe nyingine. Kanisa letu. Shule yake. Jina la mama yake, mwombolezaji mkuu. Nyumba yetu na njia ya kuifikia. Hakuna aliyelazimika kutafuta chochote. Yote tuliyatoa wenyewe.

Yule mama hakuwa amesoma tarehe, maana kwenye bango la msiba watu husoma uso. Afrakoma aliisoma. Ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Siku ambayo haijafika.

Aliacha sufuria palepale njiapanda, moto unawaka.

*

"Tangu lini?" alimuuliza Dufie. Tulikuwa chumbani, watatu, mlango umefungwa.

"Tangu siku ya pili baada ya keki."

"Na hukuniambia?"

"Ungeninyang'anya simu."

Kweli mkono wa dada ulikuwa umeshaifikia simu. Niliushika. Chuoni tulifundishwa jambo hili na mwalimu mmoja asiyependa mzaha: mtoto akiona kusema ni kupokonywa, hatasema tena. Usifute kitu, hifadhi. Usijibizane nao. Mpe mtoto sikio lako kwanza, hasira yako baadaye. Nilimnong'oneza dada maneno hayo. Akavuta pumzi. Akaketi sakafuni, kando ya kitanda alichokalia mtoto wake.

"Nionyeshe, mwanangu. Sikugombezi."

Dufie akamwonyesha. Lilikuwa kundi la darasa lao.

"Marehemu yuko mtandaoni."

"Marehemu kasoma meseji hajajibu, ana dharau hata huko."

"Dufie, vipi, huko bando wanauza?"

"Msikalie deski lake, linanuka."

Na Dufie, katikati ya vicheko vyao: "Niko hai jamani. Acheni. Mama yangu ataona."

Chini ya hapo kulikuwa na namba isiyo na jina wala picha. Ilikuwa imemjibu taratibu, kama mtu mzima anayembembeleza mtoto.

"Siku za mwanzo wote husema hivyo."

*

Tulifanya yote. Nataka mjue hilo, kwa kuwa watu walisema tulizembea. Tulipiga skrinshoti za kila neno. Tuliripoti lile bango kwa wenye mtandao, tukabloku ile namba, tukaenda shuleni, tukaenda kituo cha polisi ambako kijana mmoja aliandika maelezo yetu huku anasikiliza mpira redioni.

"Watoto hao, mama," alisema. "Kesho watakuwa na mzaha mwingine."

Aliyeanzisha tulimjua upesi. Ni Abrafi, rafiki yake Dufie wa tangu chekechea, msichana aliyekula keki yetu. Mama yake alimleta anamvuta sikio, mtoto analia mpaka kamasi.

"Alinicheka viatu vyangu mbele ya watu," Abrafi alisema. "Nikabadilisha rangi na maneno, basi. Nilitaka wamcheke siku moja tu. Tarehe sikuweka mimi."

"Nani aliweka?"

"Ile namba. Tulidhani ni mtu wa darasani. Kila mtu alidhani ni mwenzake."

Mwalimu mkuu aliwakusanya, akawataka kila mmoja ataje namba yake. Wakataja. Kila namba ikapata mwenyewe. Ile moja ikabaki.

Kundi likafutwa. Watoto wakaomba msamaha, wengine kwa kweli. Tulipumua siku moja. Kisha bango likarudi kwenye kundi la kanisa, limetumwa na mzee mmoja mwema aliyetumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Tukamwomba afute. Akafuta. Likarudi kwa wauza vitambaa. Likarudi kwa madereva. Likarudi kutoka Takoradi, kwa baba yake, aliyepiga simu analia na hakutuamini mpaka aliposikia sauti ya mtoto.

Opare ndiye aliyeona lile jambo lingine. Alikuja ameshika simu yake, uso umempauka.

"Dada, picha hii niliipiga mimi. Alikuwa anaitazama kamera."

Tukatazama. Kwenye bango lililotufikia asubuhi ile kope za Dufie zilikuwa zimeshuka kidogo, kama za mtu anayesinzia kwenye kiti.

"Wameichezea," nilisema.

"Nami nilisema hivyo." Akageukia mlango wake. "Njoo uone."

Alitupeleka chumbani kwake, akafungua kompyuta, akafungua picha ya asili, ile ambayo haikuwahi kutumwa kwa mtu yeyote. Kope zilikuwa zimeshuka vilevile.

*

Baada ya hapo mambo yakawa madogo madogo. Ndiyo yaliyonitisha zaidi.

Mwalimu aliita majina darasani, akamruka Dufie. Hakukusudia. Alipokumbushwa alishtuka, akaomba radhi, na siku iliyofuata akamruka tena. Muuza mkate alimpa mkate mtu aliyesimama nyuma yake. Watu wa uani walianza kusema, "Dufie alikuwa anapenda sana ndizi za kukaanga," huku Dufie ameketi hapohapo anakula ndizi za kukaanga. Nikawakaripia. Wakajishika midomo.

Na simu yake ikamkataa. Ilikuwa inafunguka kwa kutazamwa usoni. Aliitazama. *Uso haujatambulika. Jaribu tena.* Akaenda dirishani penye mwanga. *Jaribu tena.* Akafunga nywele nyuma kama alivyokuwa amezifunga siku ya kwanza alipoifundisha simu uso wake. *Jaribu tena.*

"Labda nimekonda, mama mdogo," aliniambia. Hakulia. Alikuwa amechoka kulia.

Nilimkumbatia. Nilimsikia moyo unapiga. Nakumbuka nilishukuru kwa ajili ya ule moyo.

Ijumaa nilikuwa chuoni. Sikuwepo dada alipofika mwisho wa uvumilivu wake. Alimvalisha Dufie lile gauni jeupe, akamsimamisha katikati ya ua, akawasha simu na kwenda mubashara, dunia nzima inamwona. Niliitazama kwenye simu yangu nikiwa darasani.

"Mtazameni!" alikuwa anapiga kelele. "Mnaosema amekufa, huyu hapa! Ana miguu, ana mikono, anapumua! Mna macho? Basi njooni mumwone kwa macho yenu! Nyumba mnaijua!"

Dufie alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Nilimpigia dada. Alikuwa hapokei. Video ile ilikimbia kuliko mabango yote. Wengine walicheka. Wengine walisema maskini mama, majonzi yamemchanganya, anamshikilia mtoto wa mtu mwingine. Kisha yakaanza kuja maneno ya aina moja, kutoka kwa watu wasio na picha.

"Tutakuja."

"Tutakuja."

"Tutakuja."

*

Jumamosi jua liliwaka mapema. Lori dogo lilisimama nje na vijana wawili wakaanza kushusha viti vya plastiki.

"Vya nani hivyo?" Afrakoma aliuliza.

"Vya msiba, mama. Tumepigiwa simu tulete hapa."

"Hapa hakuna msiba!"

Walitazamana. Mmoja akasema kwa upole, "Mama, sisi tunapanga tu." Wakapanga safu moja ndefu, kutoka mlangoni mpaka ukutani, wakaondoka.

Dufie alikuwa chumbani. Tulikuwa tumekubaliana hatoki siku nzima. Nilimpelekea uji. Alikunywa vijiko viwili, kwa ajili yangu.

Nilipotoka nje, walikuwa wanaingia.

Sikusikia gari. Sikusikia hodi. Wanaume walikuwa wamejifunga migolole myeusi, bega moja wazi, na wanawake wamejifunga vitambaa vyekundu kichwani. Sura zao zilikuwa za kawaida. Zilikuwa kama sura unazokutana nazo kila siku ukishindwa kukumbuka ni za wapi. Walitusalimu kwa mkono, mmoja mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, kama wafanyavyo watu wenye adabu. Ningependa kuwaambia mikono ile ilikuwa ya baridi. Haikuwa ya baridi. Ilikuwa na joto la simu iliyoshikwa muda mrefu.

Wakaketi.

Kwetu mgeni haulizwi neno kabla hajapata kiti na maji. Hata akija mwenye ugomvi nawe. Nilibeba maji. Nilipita safu nzima na sinia, na kila mmoja alipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akaniitikia kwa kichwa. Kiti cha mwisho, kile cha ukutani, kilikuwa kitupu.

Ukishawapa maji unawaambia maneno yanayojulikana: hapa kwetu ni shwari, ninyi ndio mliotembea. Hapo wanaeleza kilichowaleta. Kwenye nyumba yenye maiti maneno hayo hayasemwi. Afrakoma aliyasema. Aliyasema kwa sauti kubwa, kidevu juu.

"Hapa kwetu ni shwari. Ninyi ndio mliotembea."

Mwanamume mmoja akasimama. Sauti yake ilikuwa laini mno.

"Tumesikia, mama. Tumekuja kumuona."

"Mwanangu hajafa."

"Hatukusema amekufa. Tuliitwa. Mama yake alisema njooni mumwone." Akatabasamu kidogo. "Tukimuona tutaondoka."

Ua ulikuwa kimya. Hata kuku walikuwa wamekwenda mahali. Mlangoni kwa Opare nilimwona Opare mwenyewe, kamera begani, anarekodi kwa mazoea ya kazi yake.

Nilimsogelea dada. "Usimtoe," nilimnong'oneza.

"Wakimuona watanyamaza."

"Dada."

"Wakimuona kwa macho yao, Pokuaa, itakwisha." Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. "Nataka iishe. Nataka wamwache mwanangu."

"Dada, nakuomba."

Akageuka. Akaita.

"Dufie! Njoo uwasalimie wageni."

Mlango ukafunguka. Dufie akatoka, miguu peku, kanga ya mama yake mabegani. Alitutazama. Akawatazama wao. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri. Alijua panapoanzwa.

Akaanzia kulia.

Alimpa mkono wa kwanza, akapiga goti. "Habari za safari." Yule wa kwanza akaushika mkono. "Tumekuona," akasema, akauachia. Wa pili. "Habari za safari." "Tumekuona." Wa tatu. "Tumekuona."

Sauti yake ilikuwa inapungua. Nilidhani ni umbali. Lakini ua wetu ni mdogo.

"Tumekuona."

Alifuta kiganja kwenye nguo. Akaendelea.

"Tumekuona."

Sasa niliona midomo tu. Salamu yake sikuisikia tena. Za kwao nilizisikia, zote, wazi.

"Inatosha," Afrakoma alisema. Lakini alisema kwa kunong'ona, na hakusogea. Nami sikusogea. Mtoto akianza safu ya salamu haikatishwi. Kumruka mtu mzima ni kumtukana, na hatukulelewa kutukana wageni. Hata saa ile. Hata wale.

"Tumekuona."

"Tumekuona."

Safu ikaisha. Dufie alifika ukutani, penye kile kiti kitupu. Akasimama hapo kidogo. Kisha akageuka, akarudi kwetu, anatembea kama mtu aliye ndani ya maji.

"Nimechoka, mama," alisema. Nilisoma midomo yake. "Naomba nilale kidogo."

Akaingia ndani.

Mwanamume yule akainamisha kichwa. "Tumemuona," alisema. "Asanteni kwa maji." Wakasimama kwa pamoja, viti havikulia. Wakatoka kwa mlango walioingilia. Na hapo ndipo nilisikia tena redio ya jirani, pikipiki, na jogoo mahali fulani. Ndipo nilijua tulikuwa hatusikii.

Tulikimbia chumbani. Dufie alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani, kiganja chini ya shavu. Bado alikuwa na joto. Afrakoma alimwita kwa jina lake lote. Alimtikisa. Alimwita kwa majina ya utotoni, yale ambayo Dufie alikuwa amemkataza kuyatumia mbele ya watu.

Simu yake ilikuwa juu ya mto, mbele ya uso wake uliotulia. Ilikuwa imefunguka. Ilikuwa imemtambua.

*

Hospitali walisema moyo umesimama. Walipoulizwa kwa nini, walisema inatokea. Polisi walisema ile namba haijawahi kusajiliwa na mtu wala kampuni, na yule kijana wa mpira safari hii hakuwa na redio. Abrafi alikuja kwenye mazishi ameshikwa mikono huku na huku. Hakuna aliyemwambia neno baya. Hakuna aliyemwambia neno zuri.

Afrakoma alikataa bango. Alisema uso wa mwanawe hautabandikwa tena mahali popote. Haikusaidia. Watu walikuja kwa wingi, wamevaa nyekundu na nyeusi. Bango walikuwa nalo tayari, na tarehe ilikuwa sahihi.

Dada hauzi wali tena. Ninaporudi kutoka chuoni namkuta kwenye kizingiti. Wazazi wa shuleni walinialika niwafundishe namna ya kuwalinda watoto mtandaoni. Nilikwenda. Niliwaambia wafunge kurasa zao, wasiweke jina na shule na nyumba ya mtoto mahali pamoja, wasiwajibu watesaji hadharani, wamsikilize mtoto kabla ya kumgombeza. Waliandika. Walipiga makofi. Kisha wakaniomba tupige picha ya pamoja, na kabla sijafika nyumbani nikaiona imesambaa, na watoto wao mapajani, na majina yote chini.

Opare alikaa na ile video yake muda mrefu kabla ya kutuonyesha. Alikuja mchana, akafunga mlango nyuma yake.

"Sitaki kubaki nayo peke yangu," alisema.

Kwenye video kuna ua wetu na safu ya viti. Viti vyote ni vitupu. Ninaonekana mimi, napita na sinia, nainama mbele ya kila kiti, na vikombe vinabaki chini, vimejaa. Anaonekana Afrakoma, kidevu juu, anaviambia viti kwamba hapa kwetu ni shwari. Kisha anatoka Dufie. Ananyoosha mkono mbele ya kiti cha kwanza, na mkono unashikwa. Unaonekana ukishikwa. Ngozi inabonyea. Unatikiswa, unaachiwa. Kiti cha pili. Cha tatu. Mpaka mwisho.

Kwenye kile kiti cha ukutani, ambacho siku ile niliona kwa macho yangu hakina mtu, Dufie anasimama. Hapigi goti. Anainama, anashuka chini kabisa, kama unavyoinama kumsalimia mtu mdogo kuliko wewe. Ananyoosha mikono yote miwili. Na anatabasamu. Tangu siku ya keki sikuwa nimemwona akitabasamu.

"Niifute?" Opare aliuliza.

"Futa," nilisema.

"Usifute," alisema Afrakoma.

Yeye aliyezunguka mji mzima akiwaomba watu wafute, sasa hiyo moja ndiyo anayoishi nayo. Anaitazama kila siku, kipande hicho tu cha mwisho. "Ni mtoto wa nani yuko pale kitini, Pokuaa?" ananiuliza. "Anamchekea nani?" Namwambia sijui. Sijui kweli.

Opare anasema kila video inapochezwa, Dufie anakawia zaidi kidogo pale ukutani kabla ya kugeuka kuturudia. Nilimwambia ni huzuni tu, inamchezea macho.

Jana dada aliiacha ikacheza mpaka ikaisha. Dufie hakugeuka.